Wakati kadogo anafundishwa historia: kitabu cha mwisho cha Kourouma na kijana ambaye hayumo ndani



Kila mara mtu akitaja Côte d'Ivoire kati yetu, tunagawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanaleta picha za Abidjan, madaraja na majengo ya Plateau, halafu wanasema: «Muone wenzetu, kakao tu njo imewafikisha pale.» Wa pili wanajibu: «Ndiyo, na juu ya kakao hiyo hiyo waliuana.» Kisha tunarushiana takwimu kama matokeo ya mpira, na kila mtu anaenda kulala na timu yake.

Kuna kitabu kimoja chembamba kinachotembeza hizo kambi mbili kwenye njia moja. Ni «Quand on refuse on dit non» ya Ahmadou Kourouma. Kwa Kiswahili tungesema: ukikataa, sema hapana. Wengi wetu tulisikia jina la Kourouma shuleni juu ya «Les Soleils des indépendances», tukajibu maswali ya mtihani, tukasahau. Hiki cha mwisho hakisomwi sana. Nakipenda, na niko na ugomvi nacho. Nitaeleza vyote viwili, na ugomvi wangu utakuwa wa mtu wa agronomia, si wa mtu wa fasihi. Mtanisamehe.

1. Kitabu chenyewe

Kourouma alizaliwa 1927. Kazi yake ya mkate ilikuwa hesabu za bima. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Montréal mwaka 1968, kisha wachapishaji wa Paris kukikataa. Mwaka 2000, «Allah n'est pas obligé» ilipata prix Renaudot. Humo tulimjua Birahima, mtoto aliyepita kwenye vita vya Liberia na Sierra Leone na bunduki mkononi. Sisi tuko na jina kwa mtoto wa namna hiyo, hatuhitaji kamusi: kadogo.

Tarehe 19/09/2002 vita vinaingia Côte d'Ivoire. Waasi wanashika Bouaké na kaskazini yote, nchi inakatika vipande viwili. Kourouma anamrudisha Birahima kazini. Anaandika akiwa mbali na kwao, na tarehe 11/12/2003 anakufa Lyon kabla hajamaliza. Seuil wanachapisha kurasa zilizobaki mwaka 2004. Kwa hiyo tunasoma nyumba isiyoezekwa, na ni lazima kulikumbuka hilo kabla ya kuanza kuhukumu.

Hadithi ni nyepesi. Birahima yuko Daloa, mji wa kakao. Hana silaha tena kama zamani, hana shule, anaita abiria kwenye magari ya usafiri, kazi ile ya vijana wanaopiga kelele stendi. Anampenda Fanta, binti aliyesoma na mzuri kupita kipimo chake. Mauaji yanapofika Daloa na watu wa kaskazini wanaanza kuwindwa, Fanta anaamua kukimbilia upande wa Bouaké. Birahima anajitolea kuwa mlinzi wake. Njiani, Fanta anaamua kumfundisha mlinzi wake historia ya nchi, tangu mwanzo kabisa mpaka vita vyenyewe. Kila somo likiisha, Birahima analirudilia kwa maneno yake.

Basi, ni hivyo tu: mwalimu, mwanafunzi, barabara, na maiti pembeni.

2. Kitu Kourouma alifanya vizuri

Waandishi wengi wakitaka kutufundisha historia ya nchi ndani ya riwaya, wanachosha. Mhusika anasimama, anatoa hotuba, hadithi inalala. Kourouma alijua hiyo hatari na hakuikimbia, aliiweka katikati. Fanta anafundisha kweli kama mwalimu: watu wa kwanza wa nchi, ukoloni, kazi za shuruti, Houphouët-Boigny, Bédié, Guéï, Gbagbo. Mtu angeweza kutoa kurasa zake na kuzipeleka darasani. Lakini utamu uko kwa mwanafunzi. Birahima anasikiliza kwa masikio ya kadogo, na pia kwa masikio ya kijana anayetaka kuoa mwalimu wake. Jambo refu linatoka kichwani mwake likiwa fupi, kavu, mara nyingine la kuchekesha, mara nyingine la kuogopesha.

Hapo ndipo naona akili ya kitabu. Kinatuonyesha historia inafikaje kwa watu wa chini. Profesa anasema sentensi yenye «lakini» tatu na «ijapokuwa» mbili. Kwenye bariere, ile sentensi imebaki na maneno manne: wageni wametuibia nchi. Ao kwa upande wa pili: wao hawatutaki hapa. Kila «lakini» iliyoanguka njiani ni mtu mmoja atakayekufa. Kourouma hasemi hivyo kwa mdomo, anakuacha usikie Birahima akifupisha, ukacheka, kisha ukaona umecheka kitu gani.

Sisi tunaomaliza masomo tunapenda kujiona upande wa Fanta. Lakini tuangalie ginsi tunabishana juu ya nchi za watu na juu ya nchi yetu. Wengi wetu tuko Birahima wenye lisansi.

3. Ugomvi wangu wa kwanza: marais wengi, mti hakuna

Ukifunga kitabu, kichwani kunabaki nini? Kunabaki safu ya marais. Mzee aliyetawala toka uhuru wa tarehe 07/08/1960 mpaka kifo chake tarehe 07/12/1993. Aliyemrithi na kuleta neno «ivoirité». Mwanajeshi aliyefanya kudeta usiku wa Noeli 1999. Profesa wa historia aliyeingia madarakani Oktoba 2000. Kila mmoja na dhambi zake. Kourouma anapiga kwa hasira, na anapiga vizuri.

Mashamba yanatajwa, sisemi hapana. Lakini yanapita nyuma kama miti inavyopita kwenye dirisha la gari. Na mimi nasema: kwenye historia ya Côte d'Ivoire, mti wa kakao si mandhari. Ni mhusika. Ana umri, ana tabia, anazeeka, na akizeeka anabadilisha siasa ya nchi. Niruhusuni nijaribu kutoa somo ambalo Fanta hakulitoa.

Kakao inapenda msitu uliokatwa juzi. Ukikata msitu na kuchoma, unapata udongo uliokusanya majani yaliyooza kwa miaka mingi sana, majivu, unyevu, na magugu machache. Unapanda ndizi na vyakula vingine kwanza, vinakupa chakula na kivuli cha miche. Kisha miaka mitatu mpaka mitano mti unaanza kuzaa. Hakuna mbolea uliyonunua. Ile rutuba ni zawadi ya msitu, wachumi wanaiita rente ya msitu. Mkulima anauza kakao, lakini ndani ya kila gunia kuna kipande cha msitu anachouza bila kukihesabu.

Baada ya miaka 25 ao 30, hesabu inageuka. Miti imechoka, wadudu wamezoea, magugu yamejaa, mvua si ile ya zamani kwa sababu msitu wenyewe haupo tena. Kuna ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi, dawa yake ni kung'oa. Kupanda upya mahali pale pale kunataka kazi nyingi zaidi na pesa nyingi zaidi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo mkulima mwenye akili anafanya nini? Anahama, anatafuta msitu mwingine.

Sasa chukua ramani ya Côte d'Ivoire. Kakao ilianzia mashariki, upande wa Abengourou, ikaja kwenye pembe ya Dimbokro iliyoitwa kitanzi cha kakao. Ikachoka pale. Ikahamia katikati-magharibi: Gagnoa, Daloa. Ikachoka pale. Ikashuka kusini-magharibi: Soubré, San-Pédro, mpaka karibu na Liberia. Uzalishaji ulitoka chini ya tani 100,000 wakati wa uhuru mpaka karibu tani milioni 2 kwa mwaka siku hizi. Mwisho wa miaka ya 1970 waliipita Ghana wakawa wa kwanza duniani. Na msitu? Mwanzo wa karne ya 20 wanahesabu hekta milioni 16 hivi. Leo umebaki chini ya milioni 3.

Hiyo njo «muujiza» tunaousifu. Haukuwa uongo: shule zilijengwa, hospitali, barabara, bandari ya San-Pédro. Lakini ulikuwa pia hesabu ya kutoa, na mtu aliyesoma udongo angeweza kuona mwisho wake akiwa bado mwanzoni.

4. Nani alipanda ile miti?

Kakao inataka mikono. Ukoloni ulijua hilo: mwaka 1932 Ufaransa iliifuta Haute-Volta (Burkina Faso ya leo) na kugawa ardhi yake, sehemu kubwa ikaunganishwa na Côte d'Ivoire, ili watu wapatikane kwa kazi ya mashamba. Haute-Volta ilirudishwa tu 1947. Houphouët-Boigny, mganga na mwenye mashamba, alianzisha chama cha wakulima Waafrika mwaka 1944, na sheria ya Aprili 1946 iliyofuta kazi za shuruti ilibeba jina lake. Ni heshima yake ya kweli. Lakini alijua pia kwamba mashamba ya Waafrika wenzake, na yake mwenyewe, yanahitaji mikono ile ile, sasa ikija kwa hiari.

Akiwa rais, akatoa neno lililobeba nchi miaka 30: ardhi ni ya yule anayeitumikisha. Haikuwa sheria iliyoandikwa vizuri, lilikuwa neno la Mzee, na prefe aliliheshimu kuliko sheria. Wabaoulé wakashuka toka katikati ya nchi. Wadioula wakaja toka kaskazini. Waburkinabè na Wamali wakaja kwa wingi. Hesabu ya watu ya 1998 ilikuta zaidi ya robo ya wakaaji wa Côte d'Ivoire, 26 kwa mia, ni watu wenye uraia wa kigeni.

Na walipataje shamba? Hapa ndipo penye utamu na sumu. Mgeni anafika kijijini Gagnoa ao Daloa. Anapelekwa kwa mwenyeji anayemwita «tuteur», baba yake wa pale. Analeta kinywaji, pesa kidogo, anaonyeshwa kipande cha msitu. Toka siku hiyo, kukiwa matanga kwa baba yake anachanga, mtoto akienda shule anasaidia, mavuno yakija anakumbuka. Hakuna karatasi, ao kuna karatasi isiyosema kitu.

Sasa swali la mtihani: yule mwenyeji aliuza, ao alikopesha? Mgeni anasema: nilinunua, nikatoa jasho miaka 20. Mwenyeji anasema: nilikupa utumie, ardhi haiuzwi. Wakiwa wote wawili hai, swali linalala, kwa sababu kuna heshima kati yao. Wakifa, watoto wao wanabaki na swali bila ile heshima.

5. Ugomvi wangu wa pili, na huu ni mzito: kijana ambaye hayumo

Sasa nafika kwa kitu kinachoniuma kwenye kitabu hiki.

Njia ya Kourouma iko na watu wawili, wote wa kaskazini, wote wanakimbia. Ni haki yake. Yeye mwenyewe alikuwa Mmalinké, na Daloa, Oktoba 2002, watu wa jamii yake waliuawa kweli na wenye silaha waliovaa sare. Alikuwa na haki ya kulia. Lakini Wabété, wenyeji wa Daloa na Gagnoa, tunawaona kwa mdomo wa Birahima tu. Kijana wa Kibété aliyesimama kwenye bariere hapewi nafasi ya kusema. Yuko pale kama mvua, kama ugonjwa.

Mimi namtafuta yule kijana. Najua kidogo maisha yake kwa sababu yanafanana na ya watu ninaowajua.

Ni mtoto wa mkulima. Miaka ya 1970 bei ya kakao iko juu, baba anamtuma mjini kusoma. Baba hahitaji mikono yake shambani, kuna wageni wanaofanya kazi, na serkali inaajiri kila mwenye diploma. Kijiji kinasema: huyu atakuwa mtu wa ofisi. Kwa hiyo baba anatoa kipande cha msitu kwa mgeni wa kwanza, kisha wa pili, pesa zinalipa shule. Sikieni vizuri: ardhi ya kijana ndiyo ililipa masomo ya kijana.

Kisha bei inaanguka. Mwaka 1987 Côte d'Ivoire inasimamisha malipo ya madeni. Houphouët anajaribu kufungia kakao ili soko la dunia limwogope, soko halimwogopi. Mwaka 1989 bei ya mkulima, ile iliyolindwa na Caisse de stabilisation na kuonekana kama ahadi ya Mzee, inakatwa nusu: toka franga CFA 400 kwa kilo mpaka 200. Benki ya Dunia na wenzake wanadai serkali ipunguze matumizi. Ajira zinafungwa. Januari 1994 franga CFA yenyewe inapunguzwa thamani kwa nusu.

Kijana wetu, na cheti chake mkononi, anarudi kijijini. Na serkali yenyewe inasema vijana warudi kwenye ardhi. Vizuri! Ardhi ipi? Msitu umekwisha. Shamba ambalo babu alilionyesha kwa kidole liko na miti ya kakao ya mtu mwingine. Baba amekufa ao anazunguka jibu. Yule mgeni hana kosa alilofanya usiku, alifanya kazi mchana mbele ya kila mtu.

Ndipo mwanasiasa anafika na neno lake. Neno lilikuwa linatengenezwa tangu uchaguzi wa 1990, ambao wageni wa nchi jirani walipiga kura na upinzani wa Gbagbo ukalalamika. Mwaka 1994 sheria ya uchaguzi inadai mgombea azaliwe na baba na mama Waivory wote wawili. Mwaka 2000 nchi nzima inabishana juu ya katiba: iandikwe baba «na» mama, ao baba «au» mama? Neno dogo kabisa la sarufi, na lilitosha kumfungia Ouattara mlango. Katikati yake kuna sheria ya ardhi ya Desemba 1998: mwenye kumiliki ardhi ya vijijini ni raia tu. Neno la Mzee limekufa rasmi. Mwaka 1999, upande wa Tabou, maelfu ya Waburkinabè wanafukuzwa kwenye mashamba, hata kabla ya kudeta, hata kabla ya waasi.

Muone sasa mpangilio. Siasa ya utambulisho haikuanguka toka mbinguni kwenye kichwa cha Bédié. Ilikuta kitu tayari shambani. Kweli, wanasiasa waliwasha kiberiti, na Kourouma ana haki ya kuwataja kwa majina. Lakini kuni zilikuwa zimekauka miaka 15, na kuni hizo ni msitu uliokwisha, bei iliyoanguka, na kijana mwenye cheti asiye na mahali pa kushika jembe.

Kuelewa si kusamehe. Aliyeua, aliua. Lakini kitabu kinachoniambia kwamba wauaji walikuwa wajinga waliodanganywa na wakubwa kinanipa faraja ambayo siitaki. Kinanifanya niamini kwamba aliyesoma hawezi kufika pale. Kumbe wale vijana wa bariere, wengi walikuwa wamekaa kwenye viti vya shule. Mwalimu Fanta alitembea karibu na mwanafunzi wa pili, aliyesoma kuliko Birahima, na hakumfundisha.

6. Utetezi wa Kourouma

Najua mtanijibu. Mtu wa fasihi atasema: riwaya si kozi ya pedolojia, kama unataka mti wa kakao soma memuari yako. Kweli. Atasema pia: mwandishi alikufa, huenda yule kijana angeingia kwenye kurasa zilizobaki. Inawezekana. Na atasema jambo la tatu, lenye nguvu zaidi: mtu anayeandika wakati nyumba yake inawaka hana deni la kumsikiliza aliyeleta moto.

Hilo la tatu nalikubali kwa mwandishi. Kwa sisi wasomaji silikubali. Nyumba yetu sisi tunaisoma miaka zaidi ya 20 baadaye, tunaona vilivyofuata. Baada ya uchaguzi wa 2010, Gbagbo na Ouattara waligombania kiti, watu karibu 3,000 wakafa. Machi 2011, Duékoué, mji wa magharibi kwenye ukanda wa kakao, mamia waliuawa kwa siku chache, na safari hiyo wengi waliouawa walikuwa wenyeji Waguéré, upande wa pili wa ile hesabu. Tarehe 11/04/2011 Gbagbo akakamatwa. Kama shida ingekuwa marais tu, kumbadilisha rais kungeimaliza. Lakini maswali ya nani alipewa, nani aliuziwa, nani arudi kwenye shamba lipi, yaliendelea kwenye vijiji vya magharibi huku Abidjan inajenga madaraja.

Ndiyo sababu nasema kambi zetu mbili zote zinakosea kitu kimoja. Wanaoonyesha madaraja na wanaoonyesha makaburi wanaonyesha shamba lile lile kwa miaka tofauti. Kakao ilipokuwa na miaka 10, ililipa madaraja. Ilipofika miaka 30 na msitu ukawa umekwisha, ikaleta bili.

7. Na sisi?

Sitaki kuvuta Côte d'Ivoire mpaka hapa kwa nguvu. Kila nchi na mambo yake. Kwa mfano, sheria yetu ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serkali, wao walisema ni ya anayeitumikisha, kisha ya raia. Lakini wale wa Beni na Mambasa wanajua ninachotaka kusema. Kahawa ilipouawa na trakeomikozi, kakao ilichukua nafasi yake, na leo inaingia msituni kila mwaka. Miti mingi bado ni vijana, bei ilipanda juu kupita kawaida mwaka 2024, kila mtu alifurahi pale vita vilipomwachia nafasi ya kuvuna. Tuko kwenye miaka 10 ya hesabu niliyoeleza. Msitu unakatwa na watu waliotoka mbali, wanapewa na wenyeji kwa mbuzi, kwa pesa kidogo, kwa maneno. Karatasi ziko wapi? Nani alishuhudia? Neno lililosemwa lilikuwa «nimekuuzia» ao «utumie kwanza»?

Na neno «mgeni» halihitaji kuagizwa toka Abidjan. Waliofukuzwa Likasi na Kolwezi miaka ya 1992 na 1993 walipanda treni na mabegi yao bila ya kusoma Kourouma.

Kwa hiyo shauri langu ni dogo na la kazi. Wenzangu wa agronomia, tunapoandika memuari juu ya kakao, tunapima nafasi kati ya miche, tunahesabu matunda, tunachora grafiki ya wadudu. Tuongeze ukurasa mmoja: shamba hili lilipatikana namna gani, mwaka gani, kwa nani, kulikuwa nini hapa kabla, na watoto wa aliyetoa wanasemaje. Wenzetu wa sheria, muende kule mkawasaidie watu kuandika, tena kwa Kiswahili wanachokielewa, kabla mwenye kutoa na mwenye kupokea hawajafa. Wa historia na wa fasihi, muendelee kufundisha kama Fanta, lakini mchunguze kitu mwanafunzi anachobaki nacho akitoka nje ya mlango.

Na kitabu? Mukisome. Kiko kifupi, kinachekesha, kimekatika katikati kwa sababu mwenye kukiandika alikatika. Mukifika pale Birahima anapofupisha somo kwa maneno yake, msimame kidogo, mrudishe zile «lakini» alizoziangusha. Halafu mniambie: yule kijana wa bariere, mwenye cheti na bila shamba, kama angeulizwa na Fanta jina lake na jina la babu yake, angeanza kueleza toka wapi?